Msiba Ugenini: Haki Zako Mbele ya Kampuni ya Mazishi



Kuna jambo ambalo sisi tulio nje hatulizungumzi mpaka siku limetufika, na siku likitufika hatuna tena nafasi ya kulizungumza. Mtu kafa. Simu zinalia, nyumbani wanauliza maiti inafika lini, watu wanajaa sebuleni, na mtu mmoja, mara nyingi yule anayejua Kiingereza cha maofisini, anatumwa kwenda "kumalizana na wale wa mazishi". Miaka kadhaa iliyopita hapa Marekani mtu huyo nilikuwa mimi.

Marehemu alikuwa mtu wa Tanga, anafanya kazi huku peke yake, mke na watoto wote wako nyumbani. Shughuli yetu ilikuwa moja tu: kumrudisha kwao. Hospitali walituuliza maiti ichukuliwe na kampuni gani, tukataja ile ambayo kibao chake tulikuwa tukikiona kila siku tukienda kazini. Bwana mmoja wa suti nyeusi, mpole kupita kiasi, akatukalisha kwenye makochi, akatuletea kahawa, akafungua kitabu cha picha. Tulitoka pale na "mpango kamili": ukumbi wa kuagia siku mbili, maua, kadi za kumbukumbu, jeneza la chuma, na gari refu la kubeba wafiwa. Wafiwa wenyewe wako Tanga! Lakini kwa machozi yale na usiku ule nani alifikiri? Nikatia sahihi.

Tulipofiwa tena baadaye, mama mmoja jirani yangu, Mmarekani, akaniuliza swali dogo: "Mmewaomba orodha ya bei?" Orodha gani? Nikarudi kwenye kampuni ileile, nikaomba orodha, nikapewa bila ubishi. Ukurasa wa pili kulikuwa na kitu kinaitwa kupeleka maiti kwa kampuni nyingine ya mazishi, kwa bei moja iliyofungwa. Ndicho hasa tulichokihitaji kwa yule bwana wa Tanga. Bei yake haikufika nusu ya tulichotozwa.

Sasa nieleze sheria yenyewe, maana wengi wetu, hata tuliosoma, hatujui kuwa ipo.

Marekani kuna kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile wanayoiita FTC, inayohusu mazishi peke yake. Ilianza kutumika mwaka 1984, ikarekebishwa mwaka 1994. Msingi wake ni huu: mfiwa ni mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kujua bei ya kila kitu peke yake na kununua anachokitaka tu. Ukiingia mlangoni na kuanza kuulizia mazishi au bei, lazima upewe orodha ya jumla ya bei, iliyochapwa, uondoke nayo nyumbani. Si ya kuoneshwa na kurudisha. Huhitaji kuwa umefiwa. Unaweza kwenda leo ukiwa mzima wa afya, ukasema naomba orodha, wakupe. Ukipiga simu nako lazima wakujibu bei, na hawaruhusiwi kukulazimisha kwanza utaje jina lako au anwani. Orodha ya majeneza ni ya pili, na lazima uioneshwe kabla ya kuoneshwa majeneza yenyewe. Hii ina sababu yake. Jeneza la bei ndogo mara nyingi haliko ukumbini, liko kwenye karatasi tu, au lipo lakini kwa rangi ambayo hakuna mtu angependa kumlaza baba yake ndani.

Kanuni hii iliandikwa kabla ya intaneti kuingia majumbani, kwa hiyo haikusema lolote kuhusu tovuti. Novemba 2022 Tume ilianza kukusanya maoni kuhusu kuwalazimisha wenye makampuni waweke bei mtandaoni. Januari 2024 ikatangaza kwamba watumishi wake walipiga simu kama wateja wa kawaida kwa makampuni zaidi ya 250, na makampuni 39 yakaandikiwa barua za onyo kwa kukataa kutaja bei, kutoa bei zinazopingana, au kuahidi orodha na kuleta kitu kingine. Adhabu inaweza kupita dola 50,000 kwa kila kosa. Kwa hiyo ukisema kwa upole, "naomba ile orodha ya jumla inayotakiwa na Tume", utaona jinsi sura inavyobadilika. Wanajua unachokisema.

Ndani ya orodha, ada moja tu ndiyo huwezi kuikataa: ada ya msingi ya huduma za mkurugenzi wa mazishi na wafanyakazi wake. Vingine vyote, ukumbi, gari, maua, kumvika, kumpamba, ni vya kuchagua. Na kuna mafungu manne ambayo lazima yawe na bei yake, nayo kwa sisi watu wa mbali ni dhahabu: kupeleka maiti kwa kampuni nyingine, kupokea maiti kutoka kampuni nyingine, kuzika moja kwa moja bila shughuli ya kuaga, na kuchoma maiti moja kwa moja. Ada ya msingi imeshaingia ndani ya bei za mafungu haya manne, usikubali kutozwa mara mbili.

Anayesafirisha nyumbani aulizie fungu la kwanza. Anayezika hukuhuku Kiislamu, haraka, bila kuaga kwa siku mbili, aulizie fungu la tatu. Tena aulize kwa maneno hayohayo ya orodha, kwa sababu ukisema tu "nataka mazishi ya kawaida" mwenzako atakuuzia ya kawaida ya kwake.

Kuhusu kusafirisha, bei ya fungu lile haina nauli ya ndege ndani yake, wala gharama za upande wa nyumbani. Muulize kwa maandishi: je, sanduku la kusafirishia limo? Kumpeleka uwanja wa ndege kumo? Karatasi za ubalozi zimo? Watu wengi wameuliza kwa nini tusiende wenyewe kwenye shirika la ndege tukaokoa fedha. Haiwezekani kirahisi. Tangu mambo ya usalama yalipokazwa, mzigo unaosafiri kwa ndege ya abiria unatakiwa utoke kwa msafirishaji aliyesajiliwa na kutambulika, na familia si msafirishaji wa namna hiyo, kampuni ya mazishi ndiyo. Kwa hiyo kampuni utaihitaji, lakini unaihitaji kwa kazi hiyo, si kwa maua.

Hapo hapo kuna gharama ambazo kampuni inawalipia watu wengine kwa niaba yako: nauli, nakala za cheti cha kifo, tangazo la gazeti. Ikiwa inaongeza faida yake juu ya fedha hiyo, lazima ikuambie kwa maandishi kwamba inatoza kwa kazi hiyo. Omba risiti ya shirika la ndege. Mimi niliomba mara ya pili, na nauli ikashuka kidogo, sikuuliza kwa nini.

Tuje kwenye dawa. Hili linatusumbua hasa sisi Waislamu, na wengine pia. Utaambiwa, "sheria inataka maiti itiwe dawa". Sheria ipi? Hakuna sheria ya shirikisho inayotaka maiti zote zitiwe dawa. Majimbo mengine yana masharti yake katika hali maalumu, kwa mfano maiti ikikaa zaidi ya muda fulani, na hata hapo mara nyingi barafu, yaani chumba cha baridi, inatosha. Kampuni hairuhusiwi kukudanganya kuwa sheria inataka wakati haitaki, na kwa kawaida haiwezi kukutoza dawa ambayo hukuiruhusu. Ila kusafirisha nje ya nchi ni habari nyingine. Shirika la ndege au nchi inayopokea inaweza kudai cheti kwamba maiti imetiwa dawa na kwamba marehemu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Kwa hiyo usibishane na bwana wa suti; piga simu ubalozini na kwenye shirika la ndege, pata jibu kwa barua pepe, halafu uje nalo mezani. Na kama familia haitaki dawa kabisa kwa sababu ya dini, basi jibu hilo ndilo litakalowaonesha mapema kwamba pengine itabidi azikwe hukuhuku, kabla nyumbani hawajaanza kuchimba kaburi.

Jeneza: si lazima ulinunue kwao. Unaweza kulinunua popote, hata kuchonga mwenyewe, na kampuni lazima ilipokee bila kukutoza ada ya kulipokea; marekebisho ya 1994 ndiyo yaliyopiga marufuku ada hiyo. Kwa wanaochoma maiti, jeneza halihitajiki, lazima upewe nafasi ya kutumia sanduku la kawaida la ubao mwepesi au karatasi ngumu. Na mtu akikwambia kwamba jeneza lenye mpira wa kuziba linahifadhi mwili milele, ujue amevunja kanuni kwa mdomo wake mwenyewe.

Lakini makaburi yenyewe hayako chini ya kanuni hii, isipokuwa yale yanayouza vyote viwili, vifaa na huduma za mazishi. Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Unaambiwa lazima ununue sanduku la zege la kuzunguka jeneza. Hakuna jimbo lenye sheria ya kutaka hivyo, bali ni sharti la makaburi, wanataka ardhi isititie ili mashine za kukatia majani zipite. Baadhi ya makaburi ya Waislamu hutumia la zege lisilo na chini, ili marehemu alale juu ya udongo. Ulizeni kabla ya kununua kiwanja, sio siku ya maziko mchimbaji akiwa amesimama na saa mkononi.

Kabla ya kutia sahihi unapewa karatasi ya mwisho yenye kila kitu mlichochagua, bei yake, na jumla. Soma. Kama kuna kitu kimewekwa kwa madai kwamba sheria au makaburi yanataka, lazima sababu iandikwe palepale. Na sasa sahihi yenyewe.

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, wazee walisema. Huku kwenye mikataba ni kinyume, wa mbali ndiye anayeanza, kwa sababu mfiwa analia na kalamu imepewa rafiki. Aliyetia sahihi ndiye mdaiwa. Mchango wetu kwa bwana wa Tanga ulipungua, na barua za kudai zilikuja kwa jina langu, si la chama wala la ukoo. Nilikwenda kwa wakili nikidhani kuna njia, akaniambia mkataba ni wako. Kweli, gharama za mazishi zina nafasi ya mbele katika mali ya marehemu, na aliyelipa anaweza kudai arudishiwe kutoka kwenye mirathi. Lakini marehemu wengi wetu mirathi yao huku ni gari lenye mkopo na nguo. Kama unasaini kwa niaba ya chama, mkataba uandikwe jina la chama na cheo chako. Kama chama hakijasajiliwa, jua kwamba ni wewe tu. Kama kuna bima ya maisha, kampuni itataka ihamishiwe haki ya kulipwa kutoka bima ile: ruhusu kiasi cha ankara tu, kisizidi. Na msitegemee serikali: malipo ya mkupuo ya kifo kutoka Hifadhi ya Jamii ya Marekani ni dola 255, nayo ni kwa mume au mke aliyebaki au mtoto anayestahiki. Kwa kulinganisha, chama cha wakurugenzi wa mazishi cha Marekani kilitaja kwamba gharama ya kati ya mazishi yenye kuaga na kuzika mwaka 2023 ilikuwa dola 8,300, bila makaburi.

Jambo lingine dogo linalochelewesha maiti kuliko yote ni majina. Sisi tuna majina matatu, hospitali wameandika mawili, pasi ina la babu, cheti cha kifo kimeandikwa na mtu aliyemjua kwa jina la utani. Anayetoa habari za cheti awe na pasi mkononi, na aagize nakala zilizothibitishwa nyingi, maana benki, ubalozi, bima na mahakama kila mmoja atataka yake.

Walioko Uingereza wana sheria nyingine, niitaje kwa ufupi. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ilitoa amri mwaka 2021, na tangu 16 Septemba mwaka huo kila kampuni ya mazishi lazima ioneshe bei kwa mfumo mmoja, dukani na kwenye tovuti, ili mtu aweze kulinganisha. Amri hiyo pia inakataza kulipa hospitali au nyumba za wazee ili zilete wateja. Mipango ya kulipia mazishi kabla ya kufa iliwekwa chini ya Mamlaka ya Mwenendo wa Fedha tarehe 29 Julai 2022, baada ya miaka mingi ya kuachiwa. Haikuwa mapema. Machi mwaka huohuo kampuni moja ilianguka ikiwa na wateja kama 46,000 waliokwishalipia mazishi yao. Kwa England na Wales, ukitaka kutoa maiti nje ya nchi lazima umwarifu mchunguzi wa vifo, na kuna siku nne za kungoja isipokuwa yeye aruhusu mapema. Tangu 9 Septemba 2024 vifo vyote visivyokwenda kwa mchunguzi huyo hupitiwa kwanza na daktari mkaguzi, kwa hiyo wanaotaka kuzika siku ileile waseme tangu mwanzo kwamba ni haraka ya dini. Na fedha za marehemu zikiwa benki, benki nyingi huilipa ankara ya mazishi moja kwa moja kabla ya mirathi kufunguliwa. Peleka ankara na cheti, uliza.

Nimeacha mwisho lile zito kuliko fedha: nani mwenye maiti? Kisheria hakuna. Mahakama za Uingereza zilisema tangu kesi ya Williams ya 1882 kwamba mwili si mali, na matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake hayamfungi mtu. Mwenye kuamua ni msimamizi wa wosia. Majimbo ya Marekani kwa kawaida yamepanga foleni: kwanza aliyeteuliwa kwa maandishi, halafu mke au mume, watoto wakubwa, wazazi, ndugu. Ami mkubwa wa ukoo, ambaye nyumbani neno lake ndilo la mwisho, kwenye foleni hii yuko nyuma kabisa.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyo alikufa Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka kumzika kwenye shamba lao karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga. Mahakama ya Rufani iliamua kwa ukoo Mei 1987. Mfikirie mjane wa Kimarekani ambaye huku sheria imempa neno la kwanza: maiti ikishatua Nairobi, kesi itasikilizwa na mahakama za kule. Kama anataka mume wake azikwe sehemu fulani, ahakikishe ukoo umekubaliana kabla ndege haijaondoka.

Na kuna wake wasiotambulika. Wengi wetu tumefunga ndoa msikitini tu, hatukwenda ofisini. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya England, katika kesi ya Akhter na Khan, iliamua kwamba nikaha ya namna hiyo, isiyofuata masharti ya sheria ya ndoa, si ndoa hata ya kubatilishwa. Maana yake mke wa miaka kumi na minane, mama wa watoto wanne, mbele ya sheria hiyo si mke. Siku ya msiba anaweza kuja shemeji ambaye hawajaonana miaka mingi, mkubishane naye kwenye korido ya hospitali, naye ndiye mwenye kusikilizwa. Wenye mke huku na mke nyumbani nadhani wameshanielewa.

Dawa yake ni karatasi moja. Majimbo mengi yana fomu ya kumteua mtu atakayesimamia mwili wako. New York kwa mfano inayo katika sheria ya afya ya umma, kifungu cha 4201: unamtaja mtu, unaandika maelekezo, unatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, na yeye mteuliwa anatia sahihi kukubali. Haigharimu kitu wala haihitaji wakili. Usiifungie pamoja na wosia, kwa sababu wosia husomwa watu wakishatoka makaburini. Mimi yangu nimeandika mke wangu, nimeandika nizikwe mji nitakaofia, jeneza la ubao, hakuna gari refu. Nakala moja anayo yeye, moja iko msikitini, moja nimempelekea mdogo wangu Lamu. Alikasirika wiki nzima kwamba sitaki kurudi kuzikwa kwetu, kisha akapiga simu kuomba nimtumie fomu tupu, kuna rafiki yake yuko Ohio.